Ubao wa Kumi na Moja

Halmashauri waliniita Jumatatu, mimi Lameki wa Rangi
(si Mrangi wa Kondoa; Mgogo wa Mpwapwa, mwenye kopo na brashi),
wakanipa mbao kumi na moja za mninga
na karatasi yenye muhuri:
NJIA YA CHILEWA, KILOMITA NNE, MLIMA KIBORIANI.

Natoza mia mbili kwa herufi.
Kwa hiyo nilifurahi nilipoona Kilatini:
kila mti una majina mawili marefu
kama bwana harusi wa kanisani.
Mkole peke yake ulinilipia sukari ya wiki.

Tulipanda na bibi Mbeleje, mjukuu wa dada yake Chilewa,
na kijana wa misitu aliyebeba kitabu cha majani.
Penye jiwe la kwanza bibi akasimama.
"Hapa hapakuwa na njia. Njia mmeileta nyinyi.
Yeye alipita popote penye kijani,
na mwaka ule kijani kilihesabika kwa vidole."

Mwaka ule: mtunya.
Vita ya wazungu ilishachukua ng'ombe,
kisha uwele wa ghalani, kisha wanaume wa kubeba mizigo,
kisha mvua nayo ikafuata msafara.
Watu walichemsha ngozi walizolalia.
Watoto waliacha kulia; hapo ndipo wakubwa walipoogopa.

Chilewa hakuwa mtemi, wala binti wa mtemi.
Alikuwa mjane mwenye jembe lililovunjika mpini
na tumbo, asema bibi, lisilo na adabu:
likikataa, linakataa mbele za watu.
Alichimba. Akaonja kwanza yeye.
Akakaa juu ya jiwe, mgongo kwa kijiji,
mpaka kivuli chake kihame mguu wa kushoto hadi wa kulia.
Akiinuka, watu hula.
Akitapika, watu hungoja kesho.

Walimwita mchawi, huku wamenyoosha mabakuli.

Ubao wa sita ni mzizi
ambao ukichemshwa mara moja unaua,
mara tatu unashibisha.
"Nani alijua ni tatu?" kijana akauliza.
Bibi akamtazama kama mbuzi anayejaribu kufungua mlango.
"Mara ya kwanza aliumwa siku mbili.
Mara ya pili, siku moja."
Nikapaka MARA TATU kwa nyekundu. Hizo sikutoza.

Mwenyekiti alitaka na sura yake pale getini.
Picha haipo; nani angempiga?
Nikampa taya la shangazi yangu Nyendo,
macho nikayaelekeza chini, udongoni.
Mwenyekiti akanung'unika: shujaa hutazama mbele.
Nikamwambia, huyu alikuwa anatafuta chakula.

Ubao wa mwisho uko chini ya jabali.
Karatasi ilisema: "Mmea Na. 11, jina litaletwa."
Hapa alionja, akakaa, akageuza mgongo.
Kivuli kikahama, kikahama tena,
kikaungana na vivuli vingine vyote,
naye hakuinuka.
Watu walikimbia. Hakuna aliyeokota hata jani.

Kijana alipiga magoti saa nzima,
akahesabu aina ishirini na nne.
"Mojawapo," alisema, akafunga kitabu.

Sikungoja jina liletwe. Niliandika HAPA ALIONJA.
Herufi kumi na moja, elfu mbili na mia mbili;
nilidai, wakalipa, sijui kwa nini niliona haya.

Jumamosi walikuja wanafunzi, soksi zimejaa miiba.
Msichana mmoja alisoma ubao kwa sauti,
akageuka: "Ilikuwa chungu?"
Mwalimu akanitazama mimi, mimi nikamtafuta bibi.
Alikuwa ameshainama kando ya njia,
anachuma mlenda wa jioni,
akinusa kila jani kabla ya kulitia kwenye khanga.